Mama Mwalimu na Vitu Vinavyotaka Kula

Kila kitu kipya kilipoingia mtaani kwetu Alunguli, mjini Kindu, Mama Mwalimu alikuwa na swali moja. Hakuuliza kinafanya kazi gani, wala kimetoka wapi. Alikizunguka, akakigusa kwa kidole kama mtu anayepima ndizi sokoni, kisha akauliza, "Na hii, iko inakula nini?"

Redio ilikula betri. Frigo yake ilikula mafuta ya taa, ambayo sisi tunayaita petroli. Pasi ilikula makaa. Baadaye simu ikaja, ikala unite, yaani salio, na umeme kwa pamoja, na hilo aliliona kuwa ulafi. "Vitu hivi vinataka kula kuliko watoto," alisema. "Na mutoto akishiba, analala. Hivi havishibi." Aliyasema hayo bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeosha vyombo baada ya wageni wengi kuondoka.

Habari za kwao na za ukoo wake wapo watakaozisimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa nikahamia katika parseli, kiwanja cha mume wangu. Alikuwa mjane tayari, akifundisha shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu, hata wazee ambao hakuwahi kuwafundisha. Yeye aliniita Mama Zaina, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, na ananiita hivyo mpaka leo. Jina langu la utoto sidhani kama analijua.

Sasa mimi ni bibi wa wajukuu. Nina kibanda cha kuchaji simu karibu na kivuko, pale mitumbwi inapowachukua watu kuwapeleka ng'ambo ya mto, Kasuku. Yeye ni kizee mwembamba anayekuja kibandani na simu yake ndani ya soksi. Huiacha soksi mezani, anakaa kwenye benchi mpaka simu ijae. Hamwamini mtu kumwachia simu, hata mimi. Karibu yote ninayoyajua juu yake niliyasikia kwenye benchi hilo, juu ya kelele ya grupu, ile jenereta yangu ndogo ambayo hawezi kuivumilia na ambayo kila siku ananiuliza itanyamaza lini.

Hakuna aliyevilalamikia vyombo kama yeye, na hakuna aliyekataa kuachana navyo kama yeye. Frigo ilikuwa sebuleni, nyeupe, ndefu kumzidi, na nyuma yake kulikuwa na mahali pa kuwasha kandili. Kabla ya vita ilifanya kazi kweli. Mtoto akipata homa kali usiku au mchana, mama yake alibisha kwa Mama Mwalimu, akapewa barafu ndani ya kikombe. Kituo cha afya kiliwahi kuweka chanjo zake humo frigo ya kituo ilipoharibika, na majuma yale yote alikataza mtu yeyote asifungue mlango wake, hata yeye mwenyewe. Halafu petroli ikaadimika, ikawa ya kuwasha koroboi tu, na frigo ikazimika. Akaanza kuweka humo chumvi, chaki, sabuni, vikwembe vyake vizuri, vitenge vya kujifunga. Panya hawakuweza kuingia. "Bado inafanya kazi," alisema nilipocheka.

Miaka ile ya vita, treni ilikuwa imelala na meli haikupanda kutoka Ubundu. Habari zilitufikia kwa redio yake, redio kaseti nyeusi yenye spika mbili, moja yao ikikoroma. Betri zilikuwa adimu kuliko nyama. Alizianika juu ya bati. Aliziuma kidogo kwa meno. Siku moja nilimkuta amezitia kwenye sufuria, zinachemka kama mayai.

"Mama Mwalimu, unapika nini hapo?"

"Sina mume wa kumupikia," alisema. "Ninapikia redio."

Hakuruhusu muziki. Redio ilifunguliwa jioni, kwa habari tu, na wanaume wa mtaa walikuja kuegemea ukuta wake wa baraza bila kualikwa. Yeye aliiweka mapajani, akaitegea sikio, kisha akaizima upesi na kuwasimulia kwa kifupi kama anayefunga somo. Wakubwa wa nchi walikuwa wakikutana mbali huko kuzungumza amani.

"Leo wamesema nini, Mwalimu?"

"Wamesema watakutana."

Juma lingine waliuliza tena. "Walikutana?"

"Walikutana. Wamesema watakutana tena."

Hakuna aliyecheka. Waliaga, wakarudi makwao wakiburuta viatu.

Siku askari walipomwibia, risasi zilianza asubuhi upande wa barabara ya Kalima. Sisi tulilala sakafuni. Mchana zilipopungua, askari walipita nyumba kwa nyumba. Kwetu hakukuwa na kitu, walichukua sufuria na mbuzi. Kwake walichukua redio, cherehani, godoro, birika. Halafu wanne wakarudi, wakainamia frigo.

Nilikuwa nachungulia dirishani. Alisimama mlangoni, mikono amekunja kifuani.

"Hiyo haina moto," aliwaambia. "Haifanyi kitu."

"Itafanya kwetu, mama," mmoja alijibu, na wakaibeba.

Waliipeleka kuelekea mtoni. Hawakufika mbali. Mvua kubwa ilishuka, njia ikawa tope, na frigo ile ni nzito kwa mtu aliyeshiba, sembuse kwa wale vijana. Waliitupa karibu na uzio wa shule, wakakimbilia mitumbwi. Ikabaki imelala chali barabarani, mlango wazi, mvua ikiingia, vikwembe vyake vimetapakaa kwenye tope.

Mvua ilipopungua alikuja kwetu, kichwa kimelowa.

"Mama Zaina, baba yake iko?"

Mume wangu hakuwapo. Alikwenda Tunda kutafuta mchele na njia ikafungwa nyuma yake, na wakati ule sikujua kama yuko hai. Nyumba ya nyuma pia walikuwa wanawake peke yao. Basi tulikwenda sisi: yeye, mimi, mama mkwe wangu, na wanawake wawili wa nyumba ya nyuma. Tulipofika pale, risasi zilikuwa bado zinasikika mbali, moja moja. Mama mkwe wangu alisimama.

"Mwalimu, tutakufa kwa ajili ya sanduku?"

Mama Mwalimu alikuwa ameshapiga magoti, anafunga kikwembe kwenye mguu wa frigo. Alijibu bila kugeuka.

"Wameingia katika nyumba yangu. Kitu kimoja kirudi."

Mama mkwe wangu alivua kikwembe chake cha pili, akakifunga upande wa pili. Tulivuta. Tulipumzika, tukavuta. Mtu mmoja alifungua dirisha, akatutazama, akafunga. Hatukuwa mashujaa, tulikuwa tumelowa na tunaogopa, na mimi maziwa yalikuwa yananidondoka kwa sababu nilimwacha Zaina kitandani akilia. Lakini nakumbuka kwamba tulipoipitisha kwenye mlango wake na kuisimamisha mahali pake, nilijisikia kama nimeshinda kesi.

Bawaba ya mlango ilivunjika. Tangu siku ile frigo inafungwa kwa kamba. Aliipangusa, akarudisha vikwembe vilivyojaa tope ndani ili avifue kesho, kisha akakaa sakafuni mahali godoro lilipokuwa.

"Nimechoka," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo kinywani mwake. Baada ya hapo amelisema kila siku, kama wengine wanavyosalimia "jambo".

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyeolewa na dereva wa lori wakahamia Goma kabla njia hazijafungwa. Barua zilikuwa zimekoma. Wakati ule watu walikuwa wakipelekeana kaseti: unakaa mbele ya redio, unasema maneno yako yote, unampa msafiri. Kaseti ya binti yake ilishuka kwa mikono ya watu wengi, na wa mwisho alikuwa mchuuzi wa chumvi aliyekuja kwa kinga, baiskeli ya mizigo, kutoka Obokote, ameifunga ndani ya shati lake la akiba. Juu yake kulikuwa na karatasi imeandikwa "Kwa Mama". Mchuuzi alikunywa maji, akaeleza njia aliyopitia, akaondoka.

Mama Mwalimu akawa na kaseti, na hana redio. Wenye redio mtaani walikuwa wameporwa kama yeye, au betri zao zilikwisha. Aliiweka ndani ya frigo.

Jambo lililomtesa ni hili: redio yake alikuwa anaisikia. Mkubwa wa askari alikuwa amekaa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, nyuma ya shule, na mchana alifungulia muziki. Mama Mwalimu alikuwa akisimama uani, ufagio mkononi.

"Ile njo redio yangu," aliniambia. "Sikia inavyokoroma."

Alivumilia siku kadhaa. Asubuhi moja alivaa kikwembe cha shule, akachana nywele, akaja kuniambia nimsindikize, kwa sababu mwanamke haendi peke yake kwenye nyumba ya askari. Sikutaka. Nilimfunga Zaina mgongoni nikaenda, kwa sababu sikujua namna ya kumkatalia.

Mkubwa yule hakuwa mtu wa miaka mingi. Tulimkuta amevaa singlendi, miguu ndani ya beseni la maji. Redio ilikuwa mezani karibu naye. Askari watatu walikuwa barazani wanasafisha bunduki.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka kusikia kaseti. Sina redio."

"Redio yako iko wapi?"

Mama Mwalimu aliitazama ile iliyokuwa mezani, kisha akamrudishia macho mkubwa yule. "Iliondoka," alisema.

Nilimwona yule mtu alivyoelewa. Alitoa mguu mmoja majini, akaurudisha.

"Kaseti ya nani?"

"Ya mutoto wangu. Iko Goma."

"Inasema mambo ya vita?"

"Sijaisikia."

"Basi tutaisikia pamoja."

Sauti ilitoka ndani ya mkoromo ule. "Mama, jambo. Ni miye. Niko." Kisha binti akasema mambo aliyokuwa ameyapanga, ilisikika kwamba ameyapanga. Kwamba mume wake aliondoka na lori kupeleka maharagwe na hakurudi. Kwamba lori lilipatikana, na yeye wamemzika njiani, hakuona kaburi. Kwamba mtoto wa pili amezaliwa, msichana, na amempa jina la mama yake, na macho yake ni macho ya mama. Kwamba anauza unga, anaishi. "Mama, usilie. Miye nimekwisha kulia."

Askari wa barazani walikuwa wameacha kazi yao. Mama Mwalimu alisimama wima, mikono imekutana mbele, vile alivyosimama mbele ya darasa mkaguzi alipokuja. Mimi ndiye niliyelia, na Zaina aliposikia akalia pia.

Kaseti ilipofika mwisho, aliuliza, "Naweza kusikia tena?"

Mkubwa aliitazama redio. "Betri zitaisha, mama." Hakusema kwa ukali.

"Ndiyo," alijibu. Nani alijua habari za betri kuliko yeye?

Yule mtu aliitoa kaseti, akampa kwa mikono miwili. Tulipokuwa mlangoni alisema, "Pole, Mwalimu."

"Asante kwa betri," alisema Mama Mwalimu.

Njiani hakulia. Alikuwa anarudia maneno kwa sauti ndogo, na kila mara alisimama kuniuliza. "Mama Zaina, alisema anauza unga, ao aliuza unga?"

"Anauza."

"Mutoto anafanana na mimi macho ao pua?"

"Macho."

"Macho. Miye pia nilisikia macho."

Alipofika nyumbani alitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia mchi kupitia ukuta mpaka jua likashuka, wakati majani yale yalikuwa yamekwisha kuwa uji. Kesho yake alianza kupokea watu wa pole, naye akamwambia kila mmoja maneno ya binti yake tangu "Mama, jambo" hadi mwisho, bila kupunguza wala kuongeza, na kwa pumzi zile zile. Mtaa mzima ulikuwa unayajua.

Vita vilipokwisha na redio zikarudi madukani, tulijaribu kaseti kwenye redio ya mume wangu, ambaye Mungu alimrudisha kutoka Tunda akiwa mifupa mitupu. Unyevu ulikuwa umeingia. Sauti ilitoka nzito, kama mtu anayezungumza chini ya maji, kisha utepe ukakatika. Nilidhani ataumia. Aliurudisha utepe ndani polepole kwa penseli.

"Nilisikia," alisema. "Ilitosha."

Simu ilipofika Kindu, alikuwa amestaafu. Binti alimletea moja kwa mkono wa msafiri wa ndege. Mazungumzo yao ya kwanza baada ya miaka yote ile yalifanyika uani kwangu, kwa sababu pale mtandao ulishika. Tulikusanyika. Nilikuwa nimeshika kitambaa tayari. Simu ikalia, akaiweka sikioni, akasikiliza kidogo, uso haukubadilika.

"Sema polepole," alisema. "Unameza maneno."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mtoto wake. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Amekuwa hivyo kwenye simu mpaka leo. Haagi, akimaliza lake, anakata. Anadanganya. Nimemsikia akimwambia mtu, "Niko sokoni ng'ambo," akiwa amekaa kwenye benchi langu, miguu amenyoosha. Nilipomkemea alisema, "Simu inataka umujibu muntu saa anayotaka yeye. Barua ilikuwa inaningoja mimi." Wajukuu wa Goma, ambao sasa ni watu wazima, wanamtumia ujumbe wa sauti. Anausikiliza mara moja, ameishika simu mbali kidogo na uso, amefumba macho, kisha haugusi tena. Wao wanadhani bibi hapendi sauti zao. Kumbe ukimwuliza juma lijalo, atakusomea ujumbe wote kwa moyo. Sijawahi kuwaeleza, ni hadithi ndefu kwa simu.

Binti yake ni mtoto mwema. Biashara ya unga ilikua, na kila alipopata alikumbuka kwao. Alituma pano, ile sahani ya kuvuta jua, na betri kubwa, na televizio. "Mama apumzike," aliniambia kwa simu, "aangalie picha, asichoke."

Fundi alikuja, akafunga kila kitu, akaondoka. Kuanzia siku hiyo Mama Mwalimu hakupumzika. Pano ilikuwa ya kuwekwa juani asubuhi na kuingizwa ndani jioni, kwa sababu wezi walikuwa wanazing'oa juu ya mabati. Yeye mwenyewe aliibeba, ameikumbatia, akipitia mlango kwa ubavu. Nikimwambia nimsaidie, alisema nitaiangusha. Maji ya betri yaliangaliwa. Vumbi lilipanguswa. "Wamenipa mutoto wa kubeba uzeeni," alisema, na hakumwambia binti neno hata moja. Kwa simu alisema, "Ni nzuri. Ninaangalia."

Hakuangalia. Waliokuja kuangalia ni watu wa mtaa. Siku za mpira sebule ilijaa hadi barazani. Mwanzoni aliwafukuza, halafu akapata njia yake: hakuna mpira bila imla. Kila anayetaka kuingia, awe mtoto au mwendesha pikipiki mwenye ndevu, alikaa akaandika sentensi tano za Kifaransa, akasahihishiwa. Nimeona wanaume wazima wanagombana kuhusu herufi huku timu zimekwisha kuingia uwanjani. Yeye mwenyewe mpira ukianza alitoka, akaenda kukaa jikoni kwenye kigoda, mgongo kwa kelele. Betri ikizimika katikati ya mchezo, wote walimgeukia kwa macho ya lawama, kana kwamba ni yeye amekunywa umeme ule.

Mwishowe betri ilikufa kabisa. Fundi alisema ni ya kubadilisha. Mama Mwalimu aliifunika televizio kwa napero, kitambaa cha mezani, akaweka saa juu yake, na watu wakaacha kuja. Nilifikiri atafurahi kupata utulivu. Nilimkuta jioni moja amekaa sebuleni peke yake, kalamu nyekundu mkononi, hana cha kusahihisha.

"Wanakwenda wapi siku hizi?" aliuliza.

"Kwa yule mwenye baa."

"Anawaandikisha imla?"

"Hapana, Mama Mwalimu."

Alitikisa kichwa, akaifunika kalamu.

Mimi huyo huyo ninaishi kwa vitu hivi. Mchana kutwa nyaya zimenizunguka, simu za watu zimelala mezani kama samaki, grupu linanguruma, na usiku masikio yangu yanaendelea kulia. Zamani nilimwona kama mtu wa kale anayenung'unika. Siku hizi naye anaponung'unika, mimi namalizia.

Halafu vita vikarudi mashariki. Tulisikia Goma, tukasikia watu wanakimbia, kisha tukasikia kila mtu na habari yake. Simu ya binti haikupatikana. Sauti ya mashine ilisema mteja hapatikani, na Mama Mwalimu aliisikiliza hadi mwisho kila mara, kwa adabu.

Alianza kuja kibandani mapema kabla sijafungua. Asubuhi moja aliitoa simu kwenye soksi, akaisukuma kwangu.

"Angalia. Nafikiri imekufa."

Nilitoa kadi, nikaipangusa, nikairudisha. Niliipigia kwa simu yangu. Ikalia mikononi mwake.

"Ni nzima, Mama Mwalimu."

Aliiacha ilie mpaka nikakata. "Uiangalie tena," alisema.

Niliiangalia tena. Niliifungua mgongo, nikaigeuza juani, nikafanya mambo ambayo hayakuwa na maana, kwa sababu alikuwa ananitazama mikono. Kisha nikamwambia ukweli ule ule.

"Ningependa iwe ni simu," alisema.

Alikaa kwenye benchi. Siku zilizofuata alikaa pale pale. Hakuuliza tena kama imekufa. Watu waliokuja kuchaji walimsalimia, "Jambo, Mwalimu," naye aliitikia, na baadhi, hasa wenye ndugu kule, walikaa karibu naye kidogo, kisha wakaenda zao. Nilimletea chai. Aliinywa ikiwa imepoa.

Ilikuwa saa tano hivi, siku ya joto, simu ilipolia. Aliitazama. Ilikuwa namba ndefu ya nchi nyingine, na yeye namba asiyoijua haipokei, tangu matapeli walipompigia wakamwambia ameshinda gari. Alininyooshea.

"Ujibu weye."

Nilijibu. Kwanza upepo, kisha sauti imekauka: "Mama Zaina? Ni miye."

Nilizima grupu. Sikumbuki kama niliamua kulizima, mkono ulikwenda wenyewe. Nikaiweka simu sikioni mwa Mama Mwalimu na nikaishikilia. Kimya kilikuwa kikubwa hata sote tuliokuwa pale tulisikia pande zote mbili.

"Uko wapi?"

"Nimevuka mpaka, mama. Tulitembea kwa miguu. Simu walininyang'anya, hii ni ya muntu."

"Watoto?"

"Wako."

"Wote?"

"Wote, mama. Niko nao hapa."

Mama Mwalimu alivuta pumzi kupitia puani. Nilisubiri amwambie aseme polepole, kwa sababu kweli yule binti alikuwa anameza maneno. Hakumwambia.

"Mumelala?" aliuliza.

"Hatujalala, mama. Siku nyingi."

"Basi ulale. Miye niko hapa, sitoki. Lala, mutoto wangu."

Safari hii hakukata. Alingoja. Binti naye alingoja, na tukamsikia akipumua, mpaka unite ya mwenye simu ilipokwisha na mlio ukakatika wenyewe.

Mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa anangoja simu yake aliuliza taratibu, "Amesema nini, Mwalimu?" Alikuwa amesikia yote. Nadhani alitaka tu amsikie akiyasema. Sisi tumezoea kusomewa maneno yote, tangu la kwanza hadi la mwisho.

"Amesema yuko," alijibu.

Akaegemeza kichwa kwenye ubao wa kibanda, akalala. Alilala pale pale, ameketi, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani na viganja viko juu. Katika miaka yote ya ukuta kwa ukuta sikuwa nimewahi kumwona amelala. Jua lilipofika kwenye benchi nilifungua kikwembe changu cha juu, nikakitundika kwenye misumari miwili kumkinga. Baadaye ilinibidi niwashe grupu, watu walikuwa na haja zao. Lilinguruma, likatetemesha ubao ule aliouegemea, naye hakuamka. Waliokuja kuchukua simu zao walinyoosha mikono juu yake taratibu, kila mmoja akachomoa yake, wakaondoka bila kuniita.